Mto Ulioachwa Nje ya Ramani

Ngo! Sauti moja tu, usiku, kutoka nyumba ya mwalimu, jirani yangu hapa Eldoret. Alikuwa akiwafundisha wasichana kuongoza mkutano, na mmoja alikuwa amegonga meza kwa mwiko. Mtaa mzima ukashuku siasa. Baba wa msichana huyo aliacha kabisa kumtaja kwa jina. "Wewe mtoto wa mwalimu," alimwita, "lete chai."

Hata hivyo, Jumamosi baba huyo alikuja naye amsomee ramani, kwenye mkutano wa kununua shamba la mzungu karibu na Cheptiret. Nilikaa nyuma yao. Mwenyekiti alionyesha ramani upesi, akaikunja. Wazee wakatazamana. Sisi wanunuzi wa ardhi tunashuku kimoyomoyo, halafu tunapiga makofi kwa nguvu.

Msichana akainua mkono. "Mzee mwenyekiti, mbona mto hauko kwenye ramani ya sehemu zetu? Umebaki kwa nani?"

Makofi yakakatika.

"Huyu ni wa nani?" mwenyekiti akafoka. "Kama hana mwenyewe, atoke!"

Baba yake akatazama viatu vyake. Kisha akavua kofia, akasimama.

"Ni binti yangu. Mjibu. Anaitwa Jeruto."