Maoni ya Mzee Bazira Kuhusu Mabuti

Enzi zetu kule Keza, filamu haikuisha picha ikiisha. Iliisha watu wakishatoa maoni. Wenzangu tuliokwenda shule na fagio na dumu la maji, mnalikumbuka banda la Mzee Sefu pale senta: kuta za maturubai yaliyobaki tangu enzi za kambi ya wakimbizi ya Benaco, mabenchi ya magogo yaliyotuchania magauni, jenereta likikohoa nje kama mvuta kiko. Jumapili baada ya misa nusu ya kata ilibanana humo, na harufu ya ndizi za kuchoma ikachanganyika na ya jasho. Sisi watoto tulikaa chini mbele kabisa, shingo zinauma, na hakuna aliyelalamika.

Mzee Sefu, ambaye babu zake walikuja kutoka pwani na biashara ya vitambaa, alikuwa na utaratibu wake. Filamu ikikoma alizima jenereta lipoe, akasimama mlangoni, na hutoki mpaka maoni yasikike. Mwenye la kusema alisimama, mwanamume akavua kofia, akaongea kama yuko kwenye kikao cha kijiji. Na kwetu neno la mtu mzima aliyesimama akavua kofia mbele za watu halirudishwi. Hivyo ndivyo mipaka ya mashamba ilivyowekwa na ndivyo ndugu walivyopatanishwa.

Filamu tuliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya upuuzi mtupu. Jina lake silikumbuki, sisi tuliiita ya Mabuti. Kijana mmoja mchukuzi wa sokoni amevaa mabuti ya mvua, yote mawili ya mguu wa kushoto, basi kila akitembea anakwenda upande na kuangukia kitu: ndoo ya maziwa, keki ya harusi, ng'ombe aliyelala. Anampenda binti wa mwenye duka. Mwishowe anakwenda kuposa, anateleza kizingitini, anainuka, anaomba. Mwenye duka anafungua mdomo kumjibu, na hapo picha inaganda. Sidii ilikuwa na mkwaruzo. Hatukuwahi kusikia alijibu nini, tulibaki tunamtazama na mdomo wake wazi.

Mtu mmoja kichekesho kile kilimuuma. Baba mdogo Laurenti, mdogo wake baba yangu, alikuwa mrefu, suruali fupi, na miguu isiyoelewana. Aliwahi kuanguka na baiskeli yenye mikungu ya ndizi mbele ya waumini waliokuwa wakitoka kanisani, na tangu siku hiyo jina lake likawa Mabuti. Alimpenda Domitila, binti wa Mzee Bazira, na hilo lilijulikana hadi kisimani. Kwa hiyo vijana waliposimama na kusema, "Huyu hapewi mtu, atamwangusha binti wa watu," banda zima lilijua anasemwa nani. Baba mdogo alicheka pamoja nao, macho yakiwa chini. Nilikuwa mdogo, lakini niliumia kwa ajili yake, na mpaka leo nikikumbuka kicheko kile naumia.

Mzee Bazira hakuwa mtu wa filamu. Jumapili moja mvua ilimkuta senta, akaingia bandani kujikinga, akawekwa benchi la mbele kwa heshima yake. Watu walicheka mpaka machozi. Yeye hakucheka hata kidogo. Picha ilipoganda, Mzee Sefu akamwambia, "Mzee wangu, leo tuanze na wewe." Mzee Bazira akasimama. Akavua kofia.

"Ninyi mnatazama anavyoanguka," alisema. "Mimi nimetazama anavyoinuka. Kila akianguka anaokota kwanza mzigo wa watu, ndipo anajifuta matope. Mtu kama huyo mimi binti ningempa."

Baba mdogo aliondoka bila kuaga mtu.

Kesho yake asubuhi bibi yangu, mama yake Laurenti, alivaa kitenge chake cha sikukuu. Pombe ya ndizi ya kuposea ilitiwa kwenye kibuyu, na mimi nikachukuliwa nimshike bibi mkono, maana njia ilikuwa tope tupu. Pale kwenye daraja la miti baba mdogo akateleza, akaenda chini mzima mzima. Bibi akafumba macho. Alipoyafumbua, mwanawe alikuwa ameketi kwenye matope hadi kiunoni, kibuyu amekiinua juu kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mzee," alisema tulipofika, anadondosha matope uani kwa watu.

"Marahaba." Mzee Bazira alielewa upesi tulichofuata, akakunja uso. "Mama Laurenti, jana nilisema ya filamu."

"Filamu haina masikio, Bazira," bibi akamjibu. "Ulisimama. Ulivua kofia. Uliwaambia watu."

Mzee alifungua mdomo, na neno halikutoka. Nikamwona mwenye duka wetu wa filamu, yuleyule. Alimtazama baba mdogo kuanzia miguuni. Kisha akatazama kibuyu.

"Umeanguka?"

"Ndiyo, mzee. Pale darajani."

"Na pombe?"

"Ipo yote."

Mzee Bazira akageukia nyumba. "Domitila! Leta mirija."

Domitila akaleta mirija ya kunywea pombe ile, na kwetu anayeinywa amekubali. Akaleta pia beseni la maji ya kunawa miguu, ambalo hakuna aliyeliagiza, akaliweka mbele ya baba mdogo bila kuinua macho. Tuliokuwapo tulielewa kwamba na yeye ametoa maoni yake.

Waliishi pamoja mpaka masika haya, tulipomzika baba mdogo nyuma ya migomba yake. Aliendelea kuanguka maisha yake yote, Mungu amrehemu, na mizigo ya watu haikuwahi kupotea mikononi mwake.

Siku za matanga wajukuu, yaani watoto wetu sisi, walikaa uani, kila mmoja na simu yake, kila mmoja anacheka peke yake. Vijana wetu hawa wakifurahishwa na kitu wanabonyeza kikatuni cha kucheka, basi, maoni yamekwisha. Hakuna wa kuwazuia mlangoni. Mmoja wao akaipata ile filamu, nzima, haina mkwaruzo. Nikapiga kelele kama mtoto. Tukamwita mama mdogo Domitila, tukainama wote juu ya kioo kidogo kile.

Mwenye duka akafungua mdomo. Kabla hajajibu, gari jeusi likaingia uani: kumbe Mabuti ni mtoto wa tajiri aliyepotea zamani. Akavishwa suti na viatu vya kung'aa. Ndipo mwenye duka akasema ndiyo.

Wajukuu walicheka sana. Mimi nilijisikia nimeibiwa. Nikamuuliza, "Mama mdogo, maoni?"

Alisimama polepole, mkono mmoja kiunoni, akavua kilemba cha msiba. Wajukuu wakamgeukia bila kuambiwa.

"Baba yangu alijibu gari halijafika," alisema.

Kisha akamnyooshea mjukuu kidole. "Irudishe pale mzee anapofungua mdomo. Ikifika hapo, iache."