Mwaka wa Tumbili, Mwaka wa Tembo

Baba yangu ni bingwa wa kubadilisha mazao, muulize mwenyewe. Bwana shamba alikuja kijijini kwetu Qurus akaeleza kwamba mahindi yakirudiwa palepale kila mwaka udongo unachoka, kwa hiyo yapokezane na jamii ya kunde. Baba aliitikia kwa kichwa, heshima zote. Kisha akaenda Karatu mjini kubadilisha pakiti ya mbegu. Mwaka mmoja alipanda mahindi yenye picha ya tumbili, uliofuata yenye tembo, halafu pundamilia. Wazungu wanalipa kwenda Ngorongoro kuona wanyama hao. Sisi tulikuwa nao shambani bure, na wanazaa mahindi ya ukubwa wa kidole gumba.

Mama alimwambia kwa upole kwamba tumbili na tembo wote ni mahindi. Akaambiwa asimfundishe mtu kilimo.

Kati ya mashamba yetu mawili, la chini lilipogoma kabisa kuzaa, baba akampa mama. Ukarimu ulioje! Mama akapanda ngwara, kunde ile inayotambaa mpaka ardhi haionekani. Akavuna, majani akayafukia, msimu wa pili akarudia. Udongo ukalainika. Baba akapita, akauchota, akaunusa, akatangaza kwamba shamba sasa limepumzika vya kutosha, utadhani mama alikuwa amelala humo. Akalichukua. Mama akahamishiwa la juu, ambalo nalo lilikuwa hoi. Mahindi ya chini yakastawi, na sifa zote zikaenda kwa tembo.

La juu lilipopona, baba akalichukua pia, akamrudisha mama chini. Nilikasirika mpaka nikaususia ugali wa mahindi yake. Mazao hayakuwa yakizungushwa pale kwetu. Aliyezungushwa ni mama.

Msimu huu shamba la chini limepona tena. Baba alipofika na pakiti yake alimkuta mama keshaingia, anapanda mahindi yake mwenyewe.

"Mama watoto, vipi tena? Si zamu yangu hii?"

"Zamu yako ipo kule juu," mama alisema, akampa bakuli la mbegu za ngwara. "Mimi hapa sitoki."

Baba alitazama njiani kama kuna jirani anayepita, akalipokea. Nilimfuata nikiwa na raha ambayo sitaificha. Alifika shamba la juu, akasimama na jembe, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini ngwara huwa zinapandwa punje ngapi kwa shimo.

Miaka yote hiyo hakuwahi kumtazama mama akipanda.