Reli ya Chumba cha Nyuma

Watu wakizungumza habari za wanaume wavivu, mimi simtaji Bwana Pritam, Kalasinga mkaguzi wa reli. Hakuwa mvivu hata kidogo. Jua likichomoza alikuwa tayari juu ya toroli lake, vijana wakilisukuma, akikagua reli kutoka Nakuru kuelekea Elmenteita, taruma kwa taruma, msumari kwa msumari. Jioni akirudi, hata chai hajamaliza, utamkuta chumba cha nyuma akikagua reli nyingine ambayo haikuwapo. Ugonjwa wake ulikuwa huu: alipenda kupanga jambo kuliko kulifanya. Nilifanya kazi katika nyumba ile miaka mingi, na nikiyakumbuka haya mpaka leo damu inanichemka.

Naitwa Chepkemei. Nilitoka Rongai nikiwa msichana, nikaajiriwa na mkewe, Mama Tara, kufua na kumsaidia jikoni. Nyumba yenyewe ilikuwa ya reli, ya mawe, karibu na stesheni, na kila treni ikipita vikombe vilitetemeka kabatini. Binti yao alikuwa ameolewa Kisumu, kwa hiyo chumba chake kilibaki kitupu. Ndicho Bwana Pritam alichokiteka.

Mambo yalianza siku alipoitwa shambani kwa mzungu mmoja wa Njoro kutazama daraja. Mezani kwa yule mzungu aliona treni ndogo ya kuchezea, ya kutiwa ufunguo, ikizunguka juu ya reli zake, ikiingia pangoni na kutokea upande wa pili. Alirudi nyumbani haongei. Kesho yake akanunua chaki.

Yeye hakutaka ya kuzunguka tu. Alitaka njia yake mwenyewe, ile aliyoitembelea maisha yake yote. Naivasha ingekuwa mlangoni. Kutoka hapo reli ingepanda juu ya masanduku hadi Gilgil, ishuke kando ya Kariandusi, ipite ziwa la Elmenteita, iingie Nakuru chini ya dirisha, na nyuma yake mlima Menengai. Alileta hata mawe meupe ya Kariandusi, yale mepesi ambayo ukiyashika unadhani umebeba mkate, apate kuchongea vilima. Injini angeagiza Ulaya, lakini hiyo, alisema, ni ya mwisho kabisa. Kwanza plani.

Plani hiyo sasa. Kona ikiwa kali, mabehewa yataanguka. Kona ikiwa pana, mlango haufunguki. Akihamisha Nakuru iende ukutani, ziwa linakosa mahali. Akilisogeza ziwa, mteremko wa Gilgil unakuwa mkali mno na injini haitaweza. Alichora sakafuni, akapangusa, akachora tena. Mwaka ule Nakuru ilihamishwa mara nyingi kuliko karani wa serikali, na mimi ndiye niliyefagia chaki.

Mama Tara alikuwa mwanamke wa maneno machache lakini makali. Alisimama mlangoni siku moja, mikono imejaa unga, akatazama, akasema, "Treni hii siku itafika Nakuru, mimi zamani nimekufa, nimechomwa, nimekuwa majivu."

"Haraka haraka haina baraka," Bwana Pritam akamjibu bila kuinua kichwa.

Kahiga aliingia katika habari hii kwa sababu ya mlango wa jikoni. Alikuwa seremala wa mtaa wa Bondeni, fundi wa kujitegemea, mwenye kibanda chake cha mabati na mkokoteni. Alikuja kurekebisha bawaba, akapita chumba cha nyuma, akaona sakafu. Akapiga magoti, akaufuata mstari wa chaki kwa kidole mpaka ulipoishia. Halafu akauliza, "Hapa si Elmenteita?" Bwana Pritam akafurahi kama mtu aliyesalimiwa kwa lugha ya kwao ugenini.

Tangu siku hiyo Kahiga alikuja kila Jumapili baada ya kanisa. Alikuwa Mkikuyu, lakini Ukikuyuni alikuwa hakujui. Babake alikuwa mfanyakazi katika shamba la mzungu huko Njoro, na huko ndiko Kahiga alikozaliwa, akakulia na kumwoa Wanjugu kabla hajahamia mjini. Aliijua ile njia ya reli kwa sababu utotoni alipelekwa kuchunga ng'ombe wa yule mzungu huko Elmenteita, kando yake. Na tofauti na rafiki yake, hakuwa na subira ya chaki. Mikono ilimwasha, alitaka msumeno.

"Bwana Pritam, tupige misumari leo," angesema. "Ikikataa, tutang'oa."

"Hapana, Kahiga. Reli hapana taka kung'oa-ng'oa. Kwanza plani naisha."

"Na itaisha lini?"

"Karibu."

Safari moja Kahiga alichoka kungoja. Akatengeneza meza za kubebea reli yote, mbao nzuri za mutarakwa, akazisukuma kwa mkokoteni kutoka Bondeni bila kuulizwa. Bwana Pritam akatoa futi yake ya chuma, akapima miguu yote, akakuta mmoja umepungua upana wa kidole. Meza zikawekwa katika banda la nyuma ya nyumba, pamoja na randa na msumeno alioachia kazi hiyo, zikangoja plani. Kahiga alicheka tu. Mimi sikucheka, kwa maana nilikuwa nimeona jasho lake.

Lakini nisiwe mchoyo wa ukweli. Walipendana wale watu. Ningewasikia kutoka jikoni wakigombana kama Gilgil inahitaji taa au haihitaji, mmoja kwa Kiswahili chake cha Kihindi, mwingine kwa chake cha Njoro, na nyumba yote ikapata joto. Mama Tara alikuwa akipeleka chai mwenyewe, jambo ambalo hakumfanyia mgeni yeyote mwingine.

Ikaja Hali ya Hatari, vita vya msituni dhidi ya Wazungu. Wakikuyu wakaanza kuondolewa, kwanza mashambani, halafu mjini. Waliambiwa wanarudishwa kwao, hata wale ambao hiyo "kwao" walikuwa hawajapata kuiona. Aliyekuwa na mwajiri wa kumtetea alipona. Kahiga hakuwa na mwajiri. Asubuhi moja askari walizingira Bondeni, wakamchukua yeye, Wanjugu na mtoto wao, wakawapeleka pamoja na wengine kwenye uwanja uliozungushiwa senyenge nje ya mji.

Nilisikia habari sokoni, nikapika githeri, nikaenda. Getini nikamkuta askari Mkalenjin, Kosgei, nikamsalimia kwa lugha yetu, akaniruhusu nisogee kwenye senyenge. Kahiga alikuja upesi. Nguo zilikuwa na vumbi lakini uso haukuwa na wasiwasi.

"Chepkemei, mwambie Bwana Pritam akuje," aliniambia. "Aseme tu mimi ni fundi wake. Neno moja."

Nilimwuliza Kosgei kama ni kweli. Akasema ndivyo ilivyo: mwajiri aje mwenyewe, amnyoshee mtu wake kidole mbele ya ofisa, aseme huyu ni wangu, basi mtu anatolewa na familia yake. Alikuwa ameona wazungu wakifanya hivyo, na Wahindi pia. "Lakini asikawie," akasema.

Nilirudi mbio. Bwana Pritam alisikiliza akiwa amesimama, akabadilika rangi, akasema, "Nitaenda." Alisema papo hapo, sitamnyima haki yake. Hakukataa siku ile, wala hakukataa siku yoyote. Laiti angalikataa ningalitafuta mtu mwingine.

Mama Tara akamwambia, "Enda sasa."

"Sasa hapana. Ofisa ya leo kali sana. Ngoja niulize, niangalie vizuri."

Akaingia chumba cha nyuma. Nilipompelekea chai nilimkuta amelipangusa ziwa la Elmenteita, na mahali pake amechora uwanja ule. Geti hapa. Meza ya ofisa pale. Yeye mwenyewe angetokea upande huu, pamoja na mzee mmoja wa hekalu lao anayefahamiana na wakubwa, na mzee ndiye angetangulia kusalimu. Kama ofisa akiuliza hivi, wao wangejibu vile. Nilisimama na kikombe mkononi.

Woga ukijivika nguo za mipango ni vigumu kuutambua, hata kwa mwenyewe. Zamani zile Mhindi aliyejitokeza kumtetea Mkikuyu aliangaliwa kwa jicho baya, na Bwana Pritam alikuwa amekaribia kustaafu. Nilimsikia akimwambia mkewe hayo kwa Kipunjabi. Walidhani sielewi. Mama Tara alimjibu kwa sauti ambayo hata asiyeelewa angeelewa.

Kesho yake mzee wa hekalu alikuwa Eldoret. Kesho kutwa ofisa mwenye roho nzuri hakuwa zamu. Mimi nilikwenda kwenye senyenge na chakula, nikirudi na neno lile lile, na Bwana Pritam alinipa jibu ambalo lilionekana la mtu anayejua kazi yake.

"Chepkemei, usiogope," alisema. "Watu mingi vile lazima peleka na treni. Mimi naona mabehewa yao kila siku, iko pale njia ya pembeni. Bado kuosha. Bado kukagua. Injini hapana. Treni kama hiyo haiwezi toka Nakuru bila mimi kujua."

Na alisema kweli. Kila asubuhi alipita kuyatazama mabehewa yale, akarudi ametulia. Hata mimi nilitulia kidogo, maana nani angebishana na Pritam Singh juu ya treni? Nilimpelekea Kahiga habari hizo. Akatikisa kichwa kwa kukubali, akasema mzee anajua reli yake. Kando yake Wanjugu, aliyekuwa ameketi juu ya furushi akimnyonyesha mtoto, aliendelea kutazama geti.

Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza tumbo. Siku ilifika, plani ikawa tayari. Mzee alikuwa amerudi, ofisa mwema alikuwa zamu. Nilikuwa nimepiga pasi kilemba chake cha bluu na shati jeupe. Mama Tara alimfunga vifungo kama bwana harusi. Tukatoka wote, mimi nyuma na kikapu, na tulipopita stesheni Bwana Pritam akanyosha mkono kuonyesha mabehewa. Yalikuwa pale pale, machafu, kuku wakitembea chini yake.

Uwanja ulikuwa mtupu.

Senyenge zilikuwapo, geti lilikuwa wazi. Ndani kulikuwa na majivu ya meko na vitambaa. Kosgei alikuwa akikunja hema. Aliniona mimi kwanza, akaangalia chini.

"Wameenda wapi?" Bwana Pritam akauliza.

"Wamepelekwa jana, mzee. Na malori."

"Malori?"

"Ndiyo. Malori ya wakulima. Wamepita barabara ya Gilgil."

"Barabara," Bwana Pritam akasema. Akageuka akatazama upande wa stesheni, halafu akamtazama tena Kosgei. "Kwa barabara?"

Maisha yake yote kila kitu kizito kilichotoka Nakuru kilitoka kwa reli: mahindi, ng'ombe, askari, maiti. Barabara hakuwa ameiweka katika plani yake, si ile ya chaki wala ile ya kichwani. Alisimama pale na kilemba chake cha bluu, halafu akamwambia yule askari, polepole, kila neno mahali pake, "Iko mtu anaitwa Kahiga. Huyo ni fundi yangu."

"Sawa, mzee," Kosgei akasema, akaendelea kukunja hema.

Ungedhani baada ya hapo aliacha mambo ya reli. Hakuacha, na hilo liliniudhi zaidi kuliko yote. Lakini nilipoingia kufagia nilimkuta mara nyingi amesimama katikati ya chumba, chaki mkononi, sakafu haina kitu. Mama Tara hakupeleka chai tena. Chakula kilipikwa, kililiwa, vyombo vikaoshwa, na katika nyumba ile sikusikia tena mtu akigombana juu ya jambo lolote. Mimi ningeondoka, ila nilikuwa na watoto wa kulisha.

Miaka ikapita. Vibali vya Wakikuyu kusafiri vilipoanza kupatikana, mwanamke mmoja aliyekonda alibisha mlango wa jikoni. Ilibidi anitajie jina lake. Wanjugu alikuwa amekuja kuuliza kama kuna vifaa vya marehemu vilivyobaki bandani, randa au msumeno, auze apate karo ya mtoto. Hivyo ndivyo tulivyojua kwamba Kahiga amekufa. Alikufa kwa kifua, katika mwaka wa pili, baada ya kuchimbishwa mahandaki kwenye mvua huko Murang'a, kijijini ambako hakukuwa na mtu aliyemjua babake.

Mama Tara alimketisha akamtengenezea chai kwa mkono wake. Bwana Pritam akaja akasimama mlangoni, hakujua akae au asimame. Wanjugu ndiye aliyemwonea huruma.

"Usijilaumu, mzee," alisema. "Kahiga hakukuwekea kinyongo. Siku ile ya malori alikataa kupanda. Walimpiga, akawa anawaambia ngojeni, mwenyewe anakuja, yuko njiani. Mpaka tukafika Naivasha alikuwa anaangalia nyuma. Baadaye akasema najua ni nini, Bwana Pritam alikuwa amesafiri. Ametumwa kazi mbali, yeye na toroli yake. Angekuwa Nakuru, angekuja. Alisema hivyo mpaka kufa."

Nilimtazama Bwana Pritam, nikaomba moyoni, kwa hasira zangu zote, kwamba aseme ndiyo. Uongo ule haungemgharimu kitu. Angesema tu ndiyo, mama, nilikuwa safari, na yule mwanamke angekwenda zake na ile faraja kidogo aliyoachiwa na mumewe.

"Hapana," Bwana Pritam akasema. "Nilikuwa hapa. Nilikuwa hapa Nakuru."

Wanjugu alimtazama kwa muda, kisha akanitazama mimi, na mimi nikaangalia meko. Akaweka kikombe mezani. Aliuliza banda liko upande gani, nikamwonyesha, akaenda peke yake.