Arobaini ya Mguu

Mdogo wangu alipasuliwa mguu, mfupa uliooza ukakwanguliwa. Siku ya kutoka hospitali ya Arua nesi alinisomea neno la daktari: convalescence. Nilimwomba anieleze, maana niliacha shule darasa la sita wazazi walipofariki na wadogo zangu wakabaki mikononi mwangu. Alisema, "Ugonjwa umemwachia, lakini nguvu haijarudi. Asishike jembe mpaka daktari aseme."

Lilinikaa rohoni, kwa sababu baba mdogo alikuwa anakuja kutoka Dranya, huko Koboko, kumchukua. Mvua zilikuwa zimeshika na shamba lake la muhogo lilitaka mikono. Mdogo wangu akilima, kidonda kingefumuka, na safari hii mguu ungeweza kukatwa.

Nilikuwa natumika nyumbani kwa daktari Mpakistani, mmoja wa waliokuja baada ya Wahindi wa madukani kuondoka. Mkewe alizungumza Kiurdu. Kiingereza alikuwa anakiokota kwangu, neno moja moja, tukichambua mchele jikoni. Siku hiyo aliniuliza nimeleta neno gani. Nikamtajia, na habari ya mguu wa mdogo wangu na baba mdogo anayekuja kumchukua.

"Bimar?" aliuliza. Mgonjwa?

"Hapana bimar. Bimar imekwisha."

"Basi, shifa." Amepona.

"Shifa bado, mama."

Alinitazama kama mtu anayepunjwa sokoni. Nikajilaza sakafuni, nikainuka, nikabeba kikapu cha nguo na kuyumba nacho. Alicheka mpaka mtoto wake mchanga akaamka. Alipomchukua kumnyonyesha, nikapata njia. Nilimwonyesha mtoto, nikamwonyesha yeye mwenyewe, kisha kitanda alichokalia wakati mimi nafua, napika, namkanda kwa maji ya moto na kumkataza hata kuinua sufuria.

"Chilla," alisema polepole. "Siku arobaini."

"Kwetu pia iko. Arobaini."

"Mdogo yako iko chilla." Hakucheka tena. "Beti, usimpe mtu."

Beti ni binti. Aliniita hivyo kila siku, lakini siku hiyo nililisikia.

Baba mdogo alikuja Ijumaa baada ya swala, gunia limekunjwa kwenye keria ya baiskeli ili mgonjwa aketi. Aliukagua mguu.

"Kidonda imefunga. Homa hana. Anakula kuliko mimi. Sasa anangoja nini?"

"Iko arobaini, baba."

"Mwanaume? Amezaa nini?"

"Amezaa mguu."

Mdogo wangu alificha uso kwenye shuka.

"Unanifunga mdomo na mambo ya wanawake," baba mdogo alisema.

"Mke wako alipojifungua, ulimpa jembe kabla ya arobaini?"

"Watu wangenisema Koboko nzima."

"Na mimi watanisema. Baba yake hayupo, mama yake hayupo. Arobaini yake ninaisimamia mimi. Hatoki hapa."

Alifungua gunia lile kwenye keria, akalikunja upya, akaondoka bila kunywa chai. Nilijua huenda nimempoteza ndugu pekee wa baba yangu. Hata hivyo sikumwita arudi.

Ijumaa iliyofuata baiskeli ilirudi. Gunia lilikuwa linatikisika. Akatoa kuku, kama anavyopelekewa mwanamke aliyejifungua, akasimama mlangoni na uso mkavu.

"Mzazi, mtoto analala?"

Mdogo wangu aliutazama mguu wake. "Analala, baba. Ila anapenda supu."

Nikaenda kubandika maji.