Hesabu za Kikohozi Ghalani

Mwaka niliorudi Tabora na shahada yangu ya hisabati, mama mdogo alinitafutia kazi ya ukarani katika ghala la tumbaku, njia ya Sikonge. Yeye alikuwa mkaguzi hapo. Siku nzima alizunguka meza za akina mama waliochambua majani, akinusa, akipapasa, akikataa. Mimi nilimfuata nyuma na daftari.

Baada ya miezi michache, wachambuaji wawili walikutwa na kifua kikuu. Meneja akasema wamekitoa makwao. Sikukubali, wala sikuweza kutulia. Chuoni nilikuwa nimesoma modeli za kihisabati, zile za kukisia ugonjwa utatoka kwa nani uende kwa nani. Nikaanza kuandika: nani hukaa na nani, kwa saa ngapi, madirisha yapi hufungwa ili majani yasikauke. Nyumbani Kanyenye niliingiza yote kwenye kompyuta, nikafuta, nikaingiza tena, chakula kikipoa pembeni. Kila nilipobadili makisio, jibu lilikuwa lile lile: aliye hatarini zaidi ni anayepita meza zote.

Mama mdogo.

Siku tatu nilimkwepa. Ndiye aliyenilea tangu mama yangu alipofariki, ningeanzia wapi? Siku ya nne nikamfuata nje ya ghala, saa ya chai.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona una uso wa mtu mwenye kesi?"

"Hesabu zinaonyesha wewe ndiye wa kupimwa kwanza. Unapita kila meza."

Akaweka kikombe chini. "Na wewe unapita wapi, mwanangu? Darini?"

Watu wote wa ghala nilikuwa nimewatia kwenye hesabu, isipokuwa mimi. Na kikohozi changu cha wiki tatu nilikiita vumbi la tumbaku.

Tulikwenda kupima pamoja. Yeye alikuwa salama. Mimi nilikuwa na kifua kikuu.

Nikaanzishiwa dawa za miezi sita, nikaambiwa wiki za mwanzo nisiende kazini. Nilizunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Niliwaza nimemkoholea nani. Modeli ingeweza kukisia, lakini sikuthubutu kuifungua.

Mama mdogo ndiye aliyepeleka karatasi zangu za hesabu kwa meneja.

"Tukifungua madirisha, majani yatakauka," meneja akasema.

"Jani likikauka tunalinyunyizia maji. Mtu je?"

Madirisha yakafunguliwa, na wote wakapimwa. Akapatikana mmoja zaidi, mpimaji tumbaku kwenye mizani, akaanza dawa mapema. Mpaka leo sijui kama alikipata kwangu.

Niliporudi, akina mama walinipa pole, ila wengine walijisogeza kidogo nilipokaribia. Sikuwalaumu. Nilisimama katikati ya ghala, daftari mkononi, sijui nianze meza ipi. Mmoja wa wale wawili wa kwanza, mama mmoja mzaliwa wa Ulyankulu, akapiga benchi kwa kiganja.

"Njoo ukae hapa," akasema. "Mimi nimebakiza dawa za miezi minne."