Vidonge vya Kila Jioni

Jumapili ile, watu walipotoka misani na kabla ugali haujapakuliwa, Koleta alimwaga vidonge mezani mbele ya ukoo mzima.

"Tazameni wenyewe," alisema. "Miaka mitatu nasubiri kuitwa bibi. Kumbe mke wa Viktori anameza wajukuu zangu, kimoja kila jioni, halafu anakwenda kukomunika!"

Godeliva alikuwa amesimama mlangoni na sufuria ya maharage. Siku nne alikuwa akivitafuta vidonge vile. Alipekua magunia ya mahindi, akapangua kuni, akainama hadi chini ya vichanja vya tumbaku, na mama mkwe wake akimwangalia tu, akimuuliza, "Umepoteza nini, binti yangu?" Binti yangu! Na huku amevifunga kwenye pindo la kitenge chake.

"Vingine viko wapi, mama?"

"Chooni. Nimebakiza hivi vya ushahidi."

Nijimbere, mdogo wake Viktori, akacheka. "Shemeji, si ungesema tu kwamba huyu kaka yangu peke yake ni mtoto wa kukutosha?"

Godeliva hakucheka. Akiwa na miaka kumi na mitano aliangukia mafiga yenye moto, kovu likabaki mkononi. Akaanzishiwa vidonge, na tangu hapo hajaanguka. Baba yake alimwonya: ukiolewa, hilo usilitaje, utarudishwa kama robota la tumbaku lililonyeshewa. Akanyamaza, akawa anameza dawa yake kama mwizi, huku watu wakisema kovu lile ni la mafuta ya maandazi.

"Si vya kuzuia mimba," alisema. "Ni vya kifafa. Nina kifafa. Na mimba ninayo, mwezi wa tatu huu."

Nijimbere akasogeza kigoda chake nyuma. Hakuna aliyemwambia asogee. Viktori alimtazama mkewe kama mtu aliyekuta mlango asioujua ndani ya nyumba yake mwenyewe. Koleta yeye alipiga magoti hapo hapo.

"Asante Mungu! Basi nilifanya vizuri kuvitupa. Dawa gani tena humezwa mtu akiwa na mimba?"

"Nikianguka motoni na hiyo mimba, mama, utamshukuru nani?" Godeliva aliweka sufuria chini kwa kishindo, mchuzi ukaruka.

Lakini lile swali lilimchoma. Dawa gani humezwa mtu akiwa na mimba? Miaka yote ile hakuwahi kuambiwa.

Kesho yake asubuhi Viktori alimpakia kwenye baiskeli kwenda kituo cha afya. Kwenye kilima walishuka kusukuma.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenioa?"

Viktori akasukuma baiskeli.

Kituoni, tabibu Lugembe alifungua daftari lake, akasoma jina la dawa, akavua miwani. "Dada Godeliva, ungetuambia mapema kuwa unatafuta mtoto. Dawa hii hatupendi mwenye mimba aitumie. Inaweza kumdhuru mtoto tumboni, mgongo wake, hata akili yake. Zipo nyingine zenye nafuu. Ungebadilishiwa kabla."

Godeliva alikuwa mtu wa kusema taratibu. Siku hiyo akina mama wote kwenye mabenchi ya nje walimsikia.

"Ningewaambia? Mimi? Miaka tisa nakuja hapa kila mwezi! Mmeniuliza uzito. Mmeniuliza kijiji, balozi, jina la marehemu baba yangu. Mlijua nimeolewa, mkanipongeza! Hamkujua kwamba walioolewa huzaa? Nani angeniuliza, yule mbuzi wa mlinzi wenu?"

Nje mtu alicheka. Lugembe alifunga daftari.

"Ni kweli," alisema. "Sisi ndio tulipaswa kukuuliza."

"Basi nisimeze tena?"

"Usiamue peke yako. Kuacha ghafla nako kunaweza kukuangusha vibaya, wewe na mtoto. Hizi siku ulizokosa tayari zinanitisha." Akapiga simu hospitali ya Tabora mjini, akasikiliza, akaandika barua. "Nenda leo hii. Watakupangia dawa, wampime na mtoto."

"Ameshaumia?"

"Sijui. Wengi huzaliwa salama. Lakini kwa wako siwezi kukuapia."

Viktori alikuwa na tumbaku bani, kwenye banda la kukaushia, na moto wa bani hauachwi ukazimika. Akamwacha mkewe barabarani, akarudi nyumbani mbio na habari. Gari la Tabora halijafika, Koleta akatokea anahema, kikapu kichwani.

"Nakwenda na wewe."

"Hasira zangu hazijaisha, mama."

"Najua."

"Basi sikiliza. Nikianguka, nigeuze nilale ubavu. Usinitie kijiko mdomoni. Usinimwagie maji."

Koleta alishusha kikapu. "Na lile povu? Wanasema likikugusa, na wewe unaupata."

"Wanasema mengi. Hata mimi walisema nameza wajukuu. Unaogopa?"

"Naogopa."

"Ogopa, mama. Lakini usiniachie."

Gari likasimama mbele yao. Koleta akamshika mkono juu ya kiwiko, akamkaza mpaka kucha zikazama, wakapanda.