Padri wa Manowari na Samaki wa Mama

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane tulikaa Xiaobei, Guangzhou, na mezani kwetu samaki hakugeuzwa. Mama alifundishwa hivyo na mwenye nyumba wetu, bibi wa Kichina aliyekulia kwenye mashua za mtoni: ukimgeuza samaki kwenye sahani, meli inapinduka. Ukimaliza upande wa juu, unanyanyua mfupa na kuendelea chini. Mama alikuja China na imani zake za Tanga, na hii akaiongeza bila shida.

Siku moja kontena letu lilikuwa linapakiwa kwenda Dar. Baba alikuwa ameuza duka la Kariakoo, na mali yetu yote ilikuwa ndani ya kontena hilo: vigae, sahani, mablanketi. Rafiki yake Fidèle, mfanyabiashara wa Bukavu aliyewahi kusomea upadri, alikuja kula mchana. Akamgeuza samaki.

Mama akamrudisha alivyokuwa. "Shemeji, umetuzamisha."

"Mama Rehema, huyu amekufa tangu jana. Atamzamisha nani?"

"Cheka tu. Mzigo si wako."

Ili kumtuliza, Fidèle akatusimulia habari za padri mmoja Mfaransa wa zamani sana. Alikuwa mwalimu wa hesabu, akaishi miaka mingi kwenye manowari pamoja na mkuu wa jeshi la maji, akitazama jinsi meli zinavyojipanga vitani. Kisha akaandika kitabu kikubwa juu ya hayo, na juu ya kuunda meli.

"Lakini mabaharia walimwogopa," alisema. "Kwao, padri melini ni mkosi. Dhoruba ikija, wanamtazama yeye."

"Anafanyaje?" niliuliza, nimejificha nyuma ya Mama. Baba aligeuka, maana sikuwa na kawaida ya kusema mbele ya wageni.

"Anasali, mwanangu. Halafu anashuka chini kabisa, aone kama mzigo umelala sawa."

Baba akaacha kula. Akanishika mkono, tukaenda ghalani. Tulikuta wapakiaji wameweka vigae vyote upande mmoja wa kontena, mablanketi upande wa pili.

"Laoban, tushushe, tupange upya," Baba alimwambia msimamizi, akimwita bosi kwa Kichina.

"Hakuna muda. Lori linakuja."

Baba akavua shati, akaanza kushusha mwenyewe. Wapakiaji walimcheka kidogo, kisha wakamsaidia.

Mjomba alipopiga simu kutoka Dar kwamba mzigo umefika salama, Baba alisema ni kazi ya yule padri. Mama alisema ni kwa sababu alimrudisha samaki upesi. Wanabishana hadi leo, wakicheka.

Sasa nami nina mtoto, na sijawahi kuwaamulia. Ninachojua ni kwamba kama Mama asingeogopa, Fidèle asingesimulia kitu, na Baba angemaliza wali wake.